Carey Francis, Mwalimu Mkuu Aliyeshika Filimbi

Kurasa zilizotangulia zimekwisha kuutazama msimu uliopita wa timu yetu ya mpira. Yaliyotupendeza yamesemwa, na yaliyotuuma pia yamesemwa. Ukurasa huu wa wasifu, kama ilivyo desturi yake, humchukua mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha fariki siku nyingi, ukayaeleza maisha yake ili wazee wakumbuke na vijana wajifunze. Safari hii tumemchagua mtu wa mpira wa shule. Naye si mchezaji wa timu ya taifa, bali ni mwalimu wa hisabati: Edward Carey Francis, aliyekuwa mkuu wa shule za Maseno na Alliance nchini Kenya kuanzia mwaka 1928 hadi 1962.

Yawezekana msomaji wa Bariadi, Maswa au Meatu akauliza Mwingereza wa Kenya anatuhusu nini sisi. Jibu la kwanza ni kwamba Maseno si mbali nasi kama tunavyodhani. Iko karibu na Kisumu, penye mstari wa Ikweta, jirani na ziwa lile lile linalopokea maji ya mto wetu wa Simiyu kule kwenye Ghuba ya Speke. Jibu la pili ni zito zaidi. Kila msimu unapokwisha bila kombe, husikika maneno katika shule nyingi za nchi hii kwamba wenzetu wameshinda kwa sababu wamechezesha mamluki, basi na sisi tutafute wetu. Carey Francis alitumia miaka 34 akijibu swali lililo chini ya maneno hayo, yaani timu ya shule ni ya nini hasa.

KUTOKA CAMBRIDGE HADI MASENO

Francis alizaliwa Hampstead, London, tarehe 13 Septemba 1897. Alisoma London, na tangu ujana alipenda michezo. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto alijiunga na jeshi, akawa ofisa katika kikosi cha mizinga. Vita vilipokwisha alikwenda Chuo Kikuu cha Cambridge, akasoma hisabati na kufaulu vizuri sana. Chuo kilimbakiza hapo hapo awe mwalimu. Pamoja na mwanahisabati mashuhuri J. E. Littlewood alitoa kitabu cha mazoezi ya hisabati ya juu, kilichochapishwa mwaka 1928. Kwa mtu wa umri wake, njia ilikuwa nyeupe: mshahara mzuri, heshima, na uprofesa mbele ya safari.

Yafaa tuseme neno kidogo juu ya mji huo wa Cambridge, kwa kuwa una sehemu yake katika historia ya mpira. Zamani kila shule ya Uingereza ilicheza kwa sheria zake. Wengine waliruhusu kuushika mpira, wengine walikataza. Wengine waliruhusu kumpiga mtu teke la ugoko, wengine walikataza. Vijana hao walipokutana chuoni hawakuweza kucheza pamoja bila kugombana. Ndipo mwaka 1848 wanafunzi wa Cambridge walipokaa kitako na kuandika sheria za wote. Sheria za namna hiyo zilisaidia kuzaa zile za Chama cha Mpira cha Uingereza za mwaka 1863, ambazo ndizo mama wa sheria tunazozifuata leo hapa Simiyu na ulimwenguni kote. Mwanzoni hapakuwa na refa mwenye mamlaka katikati ya uwanja. Kila timu ilileta mwangalizi wake, na ilidhaniwa kwamba mtu muungwana hawezi kucheza rafu kwa makusudi. Ilipoonekana kwamba waungwana nao hucheza rafu, mwaka 1891 penalti ikaanzishwa, na refa akaingizwa uwanjani na filimbi yake. Basi sheria za mpira zilitokana na haja ya watu wa malezi mbalimbali kucheza pamoja kwa haki. Jambo hilo tulikumbuke, maana litatusaidia kumfahamu Francis.

Mwaka 1928, akiwa na miaka kama 31, Francis aliiacha kazi ya Cambridge akaja Kenya chini ya chama cha wamisionari cha C.M.S., akakabidhiwa shule ya Maseno. Shule hiyo ilianzishwa mwaka 1906, na wengi wa wanafunzi wake walikuwa Wajaluo na Waluhya. Wenzake wa Cambridge waliona ni hasara kubwa kwa mtu aliyeweza hisabati za juu kabisa kwenda kufundisha kujumlisha na kugawanya. Yeye hakuona hivyo. Hakuoa, hakujenga shamba wala hakutafuta cheo serikalini. Shule ndiyo iliyokuwa nyumba yake, na wanafunzi ndio waliokuwa jamaa yake.

UWANJA KAMA DARASA

Pale Maseno, na baadaye Alliance, Francis aliifundisha timu ya mpira mwenyewe, na mara nyingi alishika filimbi. Hakuuhesabu mpira kuwa mapumziko ya kuwachangamsha wanafunzi baada ya masomo. Kwake uwanja ulikuwa darasa kama madarasa mengine, na mwanafunzi aliweza kufeli hapo kama alivyoweza kufeli hesabu. Lakini kufeli kwa uwanjani hakukuwa kufungwa. Kulikuwa ni kubishana na refa, kumchezea mwenzako vibaya kwa hila, kutaka sifa peke yako huku mwenzako amesimama wazi anangoja pasi, au kukata tamaa kabla ya filimbi ya mwisho.

Kwa sisi wa Usukumani jambo hili lina uzito wake. Mashindano si mageni kwetu. Kila mwaka baada ya mavuno Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma, na mshindi hujulikana kwa wingi wa watu anaowavuta upande wake. Huko hakuna filimbi. Umati ndio mwamuzi, na anayejua kuuvuta umati, kwa uhodari wa miguu, kwa nyoka, kwa vinyago au kwa dawa, ndiye aliyeshinda. Ni mchezo mzuri na wenye haki yake. Mpira ni kinyume chake. Mpira ukivuka mstari ni bao hata kama uwanja mzima umenuna, na mchezaji aliyeotea ameotea hata kama uwanja mzima unamshangilia. Kijana anayetoka kwenye mashindano ya umati akaingia kwenye mashindano ya sheria hujifunza jambo jipya, nalo ni kukubali uamuzi wa mtu mmoja ambaye si wa ukoo wake wala si shabiki wake. Hilo ndilo Francis alilolifundisha kwa bidii kila jioni.

Kulikuwa na jambo jingine. Alliance High School, iliyofunguliwa Kikuyu karibu na Nairobi mwaka 1926 kwa ushirikiano wa makanisa ya Kiprotestanti, ilipokea vijana kutoka pande zote za Kenya. Francis alihamia huko mwaka 1940, akashika nafasi iliyoachwa na G. A. Grieves, mkuu wa kwanza wa shule hiyo. Mkikuyu, Mjaluo, Mkamba, Mtaita na kijana wa Pwani walilala bweni moja, wakafagia mazingira pamoja, wakavaa jezi moja. Katika nchi iliyotawaliwa kwa kugawanywa makabila, vijana kumi na mmoja waliopeana pasi bila kuulizana kabila halikuwa jambo dogo. Wito wa shule ulikuwa kwamba mwenye nguvu awe na nguvu za kutumikia. Kwa hiyo hapakuwa na mchezaji nyota aliyesamehewa kazi za mikono, wala kiranja aliyesamehewa mazoezi.

Matokeo ya mitihani yalikuwa mazuri mwaka hadi mwaka, na vijana wa Alliance waliingia Makerere kwa wingi. Huko ndiko walikokutana na wenzao kutoka Tanganyika waliopitia Tabora, akiwamo Julius Nyerere, aliyesoma Makerere kuanzia 1943 hadi 1945. Francis aliajiri pia walimu Waafrika waliotoka Makerere, wafundishe bega kwa bega na Wazungu. Bethwell Ogot, ambaye baadaye alikuwa mwanahistoria mkubwa wa Afrika Mashariki, alifundisha hisabati pale.

FILIMBI ILIPOMGEUKIA MWENYEWE

Hatuandiki wasifu huu ili kumfanya Francis malaika. Alikuwa mkali. Alipenda kuamua mwenyewe. Aliamini kwamba Waafrika walihitaji muda mrefu wa kulelewa kabla ya kujitawala, na katika hilo alifanana na Wazungu wengi wa wakati wake. Wako wanahistoria wa Kenya waliomlaumu kwamba shule yake ililea watumishi watiifu wa serikali ya kikoloni. Lawama hizo zina msingi. Shule ilikuwa ndani ya koloni, na mtu aliyefundisha kutii sheria alifundisha pia, atake asitake, kutii sheria za mkoloni.

Lakini somo la uwanjani lina tabia moja, kwamba ukishamfundisha mtu sheria, ataitumia kukupima wewe uliyemfundisha. Kijana aliyeambiwa kila jioni kwamba sheria ni moja kwa wote hakukawia kutazama nje ya uwanja na kuuliza mbona huko nje si moja. Mbona mshahara wa Mzungu si sawa na wa Mwafrika kwa kazi ile ile? Mbona ardhi nzuri imewekewa mpaka wa rangi? Mbona Mwafrika abebe kipande shingoni na mwingine asibebe? Ilikuwa kana kwamba timu moja inacheza na watu kumi na mmoja, na nyingine inacheza na watu kumi na mmoja pamoja na refa.

Watazame waliopita mikononi mwake. Oginga Odinga alifundisha Maseno chini ya Francis. Walifanya kazi pamoja na walipishana pia, na Odinga akaja kuwa mmoja wa wapiganaji wakubwa wa uhuru na Makamu wa kwanza wa Rais wa Kenya kuanzia mwaka 1964. Achieng' Oneko, mwanafunzi wa Maseno, alikuwa mmoja wa wale sita walioshitakiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta mwaka 1952. Oneko alishinda rufaa yake, lakini serikali haikumwachia. Aliendelea kuwekwa kizuizini hadi 1961. Kwa lugha ya mpira, bao lilikubaliwa na matokeo yakafutwa. Julius Kiano wa Alliance alikuwa Mkenya wa kwanza kupata shahada ya udaktari wa falsafa, kisha akawa waziri katika serikali huru.

Mtihani mkubwa wa Francis mwenyewe ulikuja tarehe 20 Oktoba 1952, hali ya hatari ilipotangazwa. Alliance ilikuwa katikati ya nchi ya Wakikuyu. Wanafunzi wengi walikuwa na baba, kaka au mjomba msituni au kizuizini. Ngugi wa Thiong'o, aliyeingia Alliance mwaka 1955, alirudi nyumbani Limuru likizo ya kwanza akakuta kijiji chao kimebomolewa na watu wamehamishwa kwa amri ya serikali. Kaka yake alikuwa msituni. Miaka mingi baadaye, mwaka 2012, Ngugi alitoa kitabu kizima juu ya maisha yake ya Alliance, na Francis yumo ndani yake, ukali wake na upendo wake kwa shule.

Francis aliwapinga Mau Mau waziwazi, na hakuficha. Angeweza kuishia hapo, na Wazungu wenzake wangempigia makofi. Hakuishia hapo. Alipopata habari za watu waliopigwa, walioteswa na kuonewa na askari wa serikali na walinzi wake, alisema na kuandika kwamba hayo ni maovu na yakomeshwe. Alilisema hilo wakati ambapo kulisema kulimfanya mtu aitwe msaliti wa weupe wenzake. Na katika miaka yote hiyo ya hatari milango ya Alliance haikufungwa. Mtoto wa aliyekuwa kizuizini na mtoto wa mlinzi wa serikali waliketi dawati moja, jioni wakaingia uwanja mmoja.

Hatuwezi kusema kwamba hapo Francis aliacha kuwa mtu wa koloni. Tunachoweza kusema ni kwamba filimbi aliyowapulizia vijana kwa miaka mingi alikubali impulizie na upande wake. Wengi hushindwa hapo. Ni rahisi kuiona rafu ya mpinzani. Ni vigumu kuinua mkono na kusema kwamba beki wetu ndiye aliyecheza rafu.

MKUU ANAKUWA MWALIMU WA KAWAIDA

Mwaka 1962 Francis alistaafu ukuu wa Alliance akiwa na miaka karibu 65. Wengi walitazamia apande meli arudi kwao apumzike. Badala yake alikwenda Pumwani, mtaa wa watu wa kipato cha chini mjini Nairobi, akaomba kazi ya ualimu katika shule ya sekondari ya hapo. Hakuwa mkuu tena. Alikuwa mwalimu wa kawaida chini ya mkuu mwingine, mwenye vipindi vyake, chaki yake na madaftari ya kusahihisha. Mtu aliyekuwa nahodha kwa miaka 34 alikubali kucheza namba yoyote atakayopangiwa.

Aliendelea hivyo hadi alipofariki tarehe 27 Julai 1966. Kenya ilikuwa imekwisha kupata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na wanafunzi wake walikuwa mawaziri, makatibu wakuu, walimu, madaktari na wachungaji. Yeye alikufa akiwa mwalimu.

Mmoja wa vijana wa Alliance yafaa atajwe hapa, kwa kuwa alikuwa mtu wa mpira. Kenneth Matiba alikuwa mwenyekiti wa Shirikisho la Mpira la Kenya kuanzia 1974 hadi 1978. Mwaka 1990, akiwa tajiri na mwenye kila sababu ya kunyamaza, alisimama pamoja na Charles Rubia kudai mfumo wa vyama vingi, akawekwa kizuizini bila kushitakiwa, na afya yake ikaharibika humo humo kizuizini. Hatudai kwamba mpira wa shule ndio uliompa ushujaa huo. Mtu hulelewa na mengi. Lakini alichokidai kilikuwa kile kile kinachodaiwa uwanjani: timu zote ziruhusiwe kuingia, na refa asiwe mchezaji wa upande mmoja.

SISI NA MSIMU UJAO

Sasa turudi nyumbani. Mkoa wetu wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012 ukitokana hasa na Shinyanga, na wilaya zake za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu zina vijana wenye miguu na pumzi. Hakuna anayependa kutoka mapema katika UMISSETA wakati wenzake wanaendelea. Uchungu huo ni halali. Timu isiyoumia ikifungwa haina maana ya kufanya mazoezi.

Lakini tufikirie mamluki anafanya nini hasa. Kijana asiye mwanafunzi anapewa jina la mwanafunzi, namba ya mwanafunzi na jezi ya mwanafunzi. Kwanza, mwanafunzi halisi aliyefanya mazoezi mwaka mzima anakaa benchi kutazama uongo ukicheza namba yake. Pili, wachezaji kumi wengine wanajua, na wanafundishwa kunyamaza. Tatu, mwalimu aliyetia saini fomu hawezi tena kumwadhibu mtoto aliyeibia mtihani, maana mtoto huyo atamwuliza, kwa haki kabisa, tofauti iko wapi. Nne, shule nzima mia kadhaa ya wanafunzi wamepokea somo ambalo halikuandikwa katika muhtasari wowote, na somo la namna hiyo halisahauliki. Kombe litapata kutu kabatini, na somo hilo litakwenda nao hadi halmashauri, hospitali, mahakamani na bungeni.

Kwa hiyo, ninyi mliokuwa wanafunzi zamani, mnapouliza mtaisaidiaje timu, msaada upo wa kutosha bila kumtafuta mchezaji wa mtaani. Mipira huchakaa, nyavu hukatika, uwanja hujaa mashimo kila masika, na vijana husafiri na njaa. Aliyejifunza urefa au ualimu wa mpira aje jioni moja kwa wiki. Aliye karibu aje kutazama, hata siku tunapofungwa, hasa siku hiyo.

Nanyi vijana, msimu wenu uliopita umeandikwa mbele huko kwa magoli ya kufunga na kufungwa. Yasomeni, kisha muulizane mambo ambayo hayakuandikwa. Nani alimwinua mpinzani aliyeanguka? Nani alikubali kutolewa bila kutupa jezi? Nani alikiri mpira umemgusa mkononi kabla refa hajaona? Mkipata majina matatu tu, ujueni msimu haukwenda bure. Carey Francis, ambaye hakuwahi kuwafundisha wala kuwaona, angewapangia timu ya msimu ujao kwa kuanzia na hao watatu.